Tuanze na chumba cha baridi Pemba kabla ya kutafuta wanunuzi wa matunda ng'ambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limekuwa likisemwa sana mikutanoni na katika vyombo vyetu vya habari, nalo ni azma ya kuyapeleka matunda ya Zanzibar, hasa ya Pemba, katika masoko ya ng'ambo yakiwa mabichi, bila ya kukaushwa wala kusindikwa. Mimi ni mkulima wa mashokishoki na embe huku Wete, na azma hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo, naona tumeianza kazi kichwa chini miguu juu. Tunatafuta wanunuzi ilhali hatuna mahali pa kulipoza tunda siku ileile linapochumwa, na bila ya mahali hapo mnunuzi yeyote tutakayempata ataagiza mara moja tu.

Nitatoa mfano wa tunda ambalo haliwezi kuota kwetu, yaani cheri tamu. Wengi wetu tunaijua ile iliyotiwa sukari na rangi ikapambiwa keki, lakini cheri mbichi ni tunda lenye ngozi nyembamba na maji mengi, ambalo mvua ikilinyeshea karibu na kuiva hupasuka likiwa bado mtini. Wako wakulima wa Marekani wanaokodi helikopta ziruke juu ya mashamba yao ili upepo wake uyakaushe matunda. Mti wake unahitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzijoto 7 ndipo uchanue vizuri, kwa hiyo hakuna mtu wa visiwani atakayeupanda. Nimelichagua kwa sababu ni miongoni mwa matunda dhaifu kabisa, na pamoja na udhaifu huo husafirishwa baharini kutoka upande mmoja wa dunia hadi wa pili likafika na kikonyo chake cha kijani.

Nchi inayoongoza kwa kuuza cheri mbichi nje ni Chile. Iko kusini mwa ikweta, hivyo cheri zake huchumwa kuanzia Novemba hadi Januari, wakati ambapo Uturuki, Marekani na wakulima wengine wa kaskazini wamo katika majira ya baridi na hawana hata tunda moja mtini. Msimu huo huangukia kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, sikukuu ambayo watu hupelekeana zawadi na rangi nyekundu huhesabiwa kuwa ya kheri. Mwaka 2005 Chile na China zilitia saini mkataba wa biashara huria, ukaanza kutumika mwaka 2006. Katika msimu wa 2024/2025 Chile ilisafirisha zaidi ya tani 600,000 za cheri, na takriban tisa katika kila kumi zilikwenda China.

Msomaji anaweza kusema kwamba, kama ni hivyo, siri ni mkataba na sikukuu. Mkataba ulifungua mlango, na hilo silikatai. Lakini sisi nasi milango imeanza kutufungukia: mwezi Novemba 2022 Tanzania na China zilikubaliana juu ya kuingizwa parachichi zetu katika soko la nchi hiyo, na tangu tarehe 1 Disemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote zinazotoka katika nchi zenye maendeleo madogo kabisa, Tanzania ikiwamo. Ushuru ukiwa sifuri na tunda likiwa limeoza, mkulima hapati kitu. Kinachoifikisha cheri ni kile kinachofanywa baina ya mti na meli, nami naomba wasomaji wanivumilie nikieleze kwa urefu kidogo, kwa kuwa hapo ndipo penye somo letu.

Cheri huchumwa alfajiri na asubuhi, kabla jua halijapanda. Haitikiswi ikaanguka chini. Mchumaji hushika kikonyo badala ya tunda, kwa maana palipobonyezwa na kidole leo hakuonekani kitu, lakini baada ya wiki mbili patakuwa na shimo dogo lililodidimia. Ndoo hupelekwa kivulini mara moja, na ndani ya saa chache matunda humwagiwa maji ya baridi kali ili joto la shambani litoke. Baada ya hapo hupita katika mashine zenye kamera zinazolipiga picha kila tunda na kulitenga kwa rangi, kwa kasoro na kwa ukubwa unaohesabiwa kwa milimita, kiasi kwamba tofauti ya milimita mbili za kipenyo hulihamisha tunda kutoka daraja moja kwenda jingine, na kila daraja lina bei yake. Hufungwa katika maboksi ya kilo mbili na nusu au kilo tano, ndani ya mfuko maalumu unaoacha oksijeni ipungue na kaboni dayoksaidi iongezeke, ili tunda lipumue polepole. Kontena huwekwa karibu na nyuzijoto sifuri, na kiwango hicho hulindwa safari nzima. Ziko meli zinazoondoka bandari za Chile za San Antonio na Valparaíso wakati wa msimu zikaelekea moja kwa moja Hong Kong na bandari za kusini mwa China, safari ya zaidi kidogo ya wiki tatu.

Boksi linapofunguliwa katika soko la jumla la Jiangnan mjini Guangzhou, mnunuzi hatazami wekundu wa tunda peke yake, hutazama kikonyo. Kikiwa kijani na kimejaa, anajua kwamba tunda lilipozwa mapema na halikuachwa kupata joto njiani. Kikiwa cha kahawia na kimenyauka, bei hushuka kabla hajaonja. Kosa la saa sita lililofanyika shambani Curicó, huko Chile, husomeka Guangzhou baada ya wiki tatu, na hakuna barafu ya njiani inayoweza kulifuta.

Sasa naomba tuyatazame mashokishoki yetu. Mkweaji hupanda na ngoeko yake, akavuta tawi, na vishada vikaanguka chini. Hukusanywa katika tenga, yakashindiliwa ili gari libebe mengi, na juu yakafunikwa kwa majani ya mgomba. Tenga hukaa kando ya barabara likisubiri gari, kisha hukaa bandarini Mkoani likisubiri chombo cha kuvuka kwenda Unguja, na mara nyingi kusubiri huko ni juani. Ukiuingiza mkono katikati ya tenga hilo saa nane mchana utahisi joto linaloshinda la hewa ya nje, kwa sababu tunda lililochumwa bado linapumua na pumzi yake ina moto. Nywele za shokishoki ndizo zinazotangulia kuharibika. Zina vitundu vingi vya kupitisha hewa, hivyo hupoteza maji haraka. Ncha hugeuka kahawia, kisha nyeusi, hatimaye tunda zima huonekana limekauka ilhali nyama ya ndani bado ni nyeupe na tamu. Mchuuzi wa masoko ya Unguja, Darajani au Mwanakwerekwe, hununua kwa macho, na mpishi wa hoteli ndiye zaidi. Mkulima huambiwa kwamba mzigo wake umelala, naye hana la kujibu, kwa kuwa ni kweli umelala.

Shokishoki linafanana na cheri katika jambo moja ambalo wengi hawalizingatii: yote mawili hayaivi tena baada ya kuchumwa. Embe unaweza kuichuma ikiwa imekomaa lakini bado ngumu, ikaivia njiani. Shokishoki ni lazima lichumwe limeshaiva, na kuanzia dakika hiyo linakwenda upande mmoja tu, wa kuharibika. Kwa hiyo mashine za kamera na meli za moja kwa moja tunaweza kuzisubiri miaka, lakini kupoza mapema hatuwezi kukusubiri hata kidogo.

Hapa lazima niseme jambo la kitaalamu, kwa sababu nimewasikia watu wenye nia njema wakipendekeza tutumie vyumba vya barafu vya samaki. Matunda ya nchi za joto hayahifadhiwi kama cheri. Cheri hupenda sifuri. Shokishoki likiwekwa chini ya nyuzijoto 10 kwa muda ganda lake huwa jeusi kwa kuumizwa na baridi, na embe iliyowekwa chini ya nyuzijoto 12 au 13 hubabuka na kushindwa kuiva sawasawa. Kinachotakiwa ni chumba cha nyuzijoto 10 hadi 13 kulingana na tunda, chenye unyevu mwingi wa asilimia 90 na zaidi, na mifuko inayouzuia unyevu huo usitoroke. Chumba cha namna hiyo ni rahisi kukiendesha kuliko cha samaki, kwani hakihitaji kugandisha chochote, na umeme tunao: tangu mwaka 2010 Pemba inaletewa umeme kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Taasisi yetu ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani inaweza kupewa kazi ya kupima kila aina, kuanzia embe boribo na dodo hadi shokishoki na doriani, na kutuandalia jedwali la nyuzijoto na siku ambalo litabandikwa ukutani mwa kila chumba.

Kuchambua kwa madaraja nako si jambo geni la kuja kufundishwa na wageni. Mkulima wa Pemba anayechambua karafuu akatoa makonyo na mpeta, na anayejua kwamba karafuu iliyovundikwa haipokewi daraja la kwanza, hawezi kushindwa kutenganisha shokishoki kubwa na dogo. Hafanyi hivyo leo kwa sababu hakuna anayemlipa tofauti. Mnunuzi hukodi mti mzima au hununua tenga zima kwa bei moja, na katika biashara ya namna hiyo mtu aliyechuma kwa uangalifu na yule aliyepopoa kwa mawe hulipwa sawa. Chile mkulima hulipwa kwa milimita. Sisi tuanze hata na madaraja mawili, ilimradi bei zake ziandikwe mahali ambapo kila mtu anaziona.

Mfano wa cheri una upande wa pili, na singekuwa mkweli kama ningeuacha. Mafanikio yale yalisababisha kila mwenye ardhi Chile kupanda cheri, na karibu zote kwa ajili ya mnunuzi mmoja na sikukuu moja. Msimu wa 2023/2024 nchi hiyo ilisafirisha tani 410,000 na kidogo. Mwaka uliofuata, kama nilivyosema, zikavuka 600,000. Wakati huohuo Mwaka Mpya wa Kichina, ambao mwaka 2024 uliangukia tarehe 10 Februari, mwaka 2025 ulikuja mapema, tarehe 29 Januari. Matunda yakawa mengi zaidi na siku za kuyauza zikawa chache zaidi, na bei ikaporomoka.

Katika msimu huohuo meli ya Maersk Saltoro, iliyoondoka Chile mwishoni mwa Disemba 2024 ikiwa na zaidi ya makontena 1,300 ya cheri, iliharibikiwa injini katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ilitarajiwa kufika kusini mwa China kabla ya sikukuu. Ilifika katikati ya Februari, sikukuu imeshapita, na mzigo wake haukuwa tena wa kuliwa na binadamu. Wamarekani nao waliipata taabu yao kwa njia nyingine. Mwaka 2018 serikali mbili zilipogombana juu ya biashara, ushuru wa China kwa cheri zinazotoka Marekani ulipandishwa mara mbili ndani ya miezi michache, kutoka asilimia 10 hadi kufikia 50, na mkulima wa jimbo la Washington ambaye hakuwa na ugomvi na mtu akajikuta anaulipia ugomvi wa wakubwa.

Kwetu Pemba hili halihitaji kuelezwa mara mbili. Karafuu zetu zilimtegemea mnunuzi mkubwa mmoja, Indonesia, aliyezihitaji kwa ajili ya sigara zake za karafuu. Indonesia ikapanda mikarafuu yake yenyewe, ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ya dunia ikaanguka vibaya. Wazee wetu wanakumbuka mashamba yaliyoachwa yakamezwa na msitu kwa sababu gharama ya kuchuma ilizidi bei ya kuuzia. Karafuu angalau ikishakauka huweza kuwekwa ghalani ikasubiri bei. Shokishoki halina ghala la kusubiri mwakani. Ndiyo maana nasema tusije tukaweka matumaini yetu yote China, wala Ghuba, wala Ulaya, na nataka chumba cha baridi kihesabiwe kuwa kinga ya mkulima hata kabla ya kuwa nyenzo ya kuuzia nje, kwa kuwa mwenye uwezo wa kulitunza tunda kwa siku kumi anaweza kumkatalia mnunuzi mmoja na kumngoja mwingine.

Liko pia suala la nzi wa matunda. Nzi aliyeingia Afrika Mashariki kutoka Asia na kugunduliwa mwaka 2003 ameziharibu embe zetu kiasi ambacho kila mwenye shamba anakijua, na hakuna nchi yenye wakulima wake itakayoruhusu matunda yenye mabuu. Chile ilitangazwa mwaka 1995 kuwa imemuondoa nzi wa Mediterania, na mojawapo ya njia ilizotumia ni kuzalisha kwa mamilioni madume waliofanywa tasa na kuwaachia waende kujamiiana na majike wa porini bila ya kupatikana kizazi. Njia hiyo hatuhitaji kuisoma katika habari za Chile. Unguja ilimuondoa mbung'o kwa njia hiyohiyo katika miaka ya 1990, kwa madume tasa waliozalishwa Tanga na kumwagwa kwa ndege juu ya misitu yetu. Simaanishi kwamba nzi huyu ataondoka kwa urahisi kama mbung'o, kwani anaruka mbali, anazaana haraka mno na anaweza kuvuka bahari ndani ya kikapu cha abiria. Lakini kisiwa kina faida ambayo bara haina, nayo ni bahari, na faida hiyo hupotea iwapo bandarini hakuna mtu anayekagua matunda yanayoingia. Mitego, usafi wa shamba na kuyafukia matunda yaliyoanguka ni kazi inayoweza kuanza msimu huu bila ya kusubiri fedha za mfadhili yeyote.

Kuhusu soko la kwanza, sioni sababu ya kuanzia mbali. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zina wageni wanaotaka tunda lililo safi asubuhi, na nyingi katika hizo huletewa matunda kutoka bara kwa sababu wauzaji wa bara huleta boksi lililo sawa kila siku. Mpishi anahitaji kujua kwamba Jumatatu na Alhamisi atapata kilo zilezile za daraja lilelile. Tukiweza kumridhisha huyo aliye umbali wa usiku mmoja, tutakuwa tumeshajifunza namna ya kumridhisha aliye Muscat au Dubai kwa ndege, na miaka baadaye aliye mbali zaidi kwa meli. Chile nayo haikuanza na tani laki sita.

Kwa hiyo naiomba Wizara inayohusika na kilimo, kabla haijatuma ujumbe mwingine kwenda kwenye maonesho ya biashara nje ya nchi, ijenge Pemba vyumba viwili vya baridi na vibanda vya kupangia matunda, kimoja upande wa Wete kwa ajili ya kaskazini na kimoja karibu na bandari ya Mkoani. Viendeshwe na vyama vya ushirika vya wakulima vyenye hesabu zinazosomwa hadharani kila mwezi, na mkulima alipie kwa tenga badala ya kulazimishwa kumuuzia mwenye chumba. Matenga yenyewe yapungue ukubwa, kwa sababu yaliyo chini ndiyo yanayopondeka. Kreti za plastiki zinazopandana bila ya kulilalia tunda zinauzwa Dar es Salaam na hurudishwa zikatumika tena na tena.

Wenye vyombo vya kuvukia na wasimamizi wa bandari nao nawaomba jambo ambalo halina gharama kubwa: katika msimu wa mashokishoki na wa embe, mizigo ya matunda ipakiwe jioni baada ya jua kuzama, ipewe sehemu yenye kivuli na hewa, na iwe ya mwanzo kushushwa Malindi asubuhi. Ratiba ya vyombo hivyo itangazwe redioni siku moja kabla, ili mkweaji wa Konde au Kengeja ajue saa ya kupanda mti.

Wako,
Mkulima wa matunda,
Wete, Pemba